Madonge Mia Mbili ya Marlee

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la mji wetu wa Mullagine, linatazamana na reli ya treni za ngano, na kama hujawahi kukaa hapo na wale wazee watatu, shukuru Mungu wako. Mimi ni Glenys, dereva wa basi la shule, wao wananiita Mama Basi. Wa kwanza ni Merv, tunamwita Hakimu, kwa sababu alikuwa refa miaka thelathini na hakuwahi kukosea hata siku moja, muulize mwenyewe. Wa pili ni Col, jina lake la kijiweni Kimya, maana ukiona kanyamaza ujue anameza. Wa tatu ni Vern, Tofali, aliyestaafu kiwanda cha matofali, na huyo kumtoa neno ni kazi. Mwezi wa tano, kabla ya mvua, mjukuu wangu Marlee na wenzake saba wa shule walifinyanga madonge mia mbili ya udongo, samadi ya kondoo na mbegu za maua ya porini walizookota wenyewe makaburini mwaka jana. Wazee wakajitia kusaidia. Tukayatupa ng'ambo ya barabara, kando ya reli, nami nikamwahidi mtoto kwamba mwezi wa tisa pale patakuwa rangi ya waridi tupu. Sasa ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa, kesho yake Marlee anahamia mjini Perth na mama yake, na kando ya reli hapakuwa na hata jani.

— Ni sisimizi, alianza Hakimu, kakumbatia kahawa yake. Nimeshatoa uamuzi. Wamebeba mbegu zote.

— Wamezitoaje ndani ya donge? nikamuuliza.

— Sisimizi hashindwi na kitu, Mama Basi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani?

— Cha sisimizi.

Nikashusha pumzi. Ilikuwa saa nane na nusu. Saa tisa kengele ya shule inalia, na mtoto anakuja pale benchi moja kwa moja, na ataniuliza kama alivyoniuliza kila Ijumaa tangu baridi ianze: Bibi, yameota? Mara ya mwisho nilimwambia asubiri kidogo, na sasa hicho kidogo chenyewe kimekwisha.

— Sisimizi wapi, akadakia Kimya. Ni wale kasuku wa rangi ya waridi. Nimewaona kwa macho yangu haya, wamejipanga juu ya waya wa simu, wanapatazama pale kwa adabu kama watu walioko kanisani. Kasuku hatazami ardhi bure.

— Uliwaona wakila?

— Niliwaona wakijizuia.

— Col, madonge yenyewe bado yapo. Si yale pale? Mvua ya miezi minne imeyapiga na yako vilevile. Kasuku angekula si angeyavunja?

— Hiyo ndiyo kazi sasa, akasema Hakimu kwa majivuno. Chema chajiuza. Madonge ya watoto wengine yangekuwa matope siku ya pili.

— Merv, yanatakiwa yawe matope.

— Nani kasema?

— Ndiyo maana ya kuyafanya. Mvua inayamumunyua, mbegu inapata pa kutokea.

— Hayo ni mawazo yako, akanijibu, nami nawaambieni, mtu huyu alikuwa akila keki ya nazi niliyomnunulia mimi.

Tofali alikuwa akitazama viatu vyake. Sikujali, ndiyo kawaida yake.

— Mimi naona ni treni, Kimya akaendelea, maana hakuna aliyemuuliza. Treni ya ngano inatikisa ardhi. Mbegu ikitikiswa inapata kizunguzungu, haijui juu wapi, chini wapi. Basi imeota kuelekea chini. Mnayasubiri maua hapa, kumbe yako huko chini yanawachanulia minyoo.

— Col, nakuomba.

— Mvumilivu hula mbivu, Mama Basi.

— Mbivu gani? Mtoto anaondoka kesho.

Hakimu akainua mkono kama anayetaka kusimamisha mchezo. Akasogea mbele, akashusha sauti.

— Kulbarding, akasema.

Kulbarding ni mji wa jirani. Wana duka la mikate kubwa kuliko letu, na kila mwaka mabasi ya watalii wa maua yanatupita sisi yakienda kwao.

— Kulbarding wamefanya nini tena?

— Wamekuja na lori. Wamebeba madonge yetu, wakatuachia bandia. Wewe umeshaona wapi donge la mtoto likawa gumu namna ile? Yale si yetu. Nawajua wale watu, niliwahi kuwanyima penalti mwaka wa sabini na tisa.

Hapo uvumilivu wangu ukafika mwisho. Nikaweka kikombe chini, nikavuka barabara, nikaokota donge moja, nikarudi nalo.

— Tazama, nikamwambia. Hizi alama ni za nini?

Hakimu akavaa miwani.

— Vidole, akakiri. Vidogo.

— Basi Kulbarding hawahusiki.

Nikaligonga donge kwenye chuma cha benchi ili nilipasue niione hiyo mbegu. Halikupasuka. Lililia kama kigae. Nikaligonga tena kwa nguvu, likalia tena. Wote tukalisikiliza. Na wote, bila kuambizana, tukamgeukia Tofali, ambaye nyumbani kwake ana tanuri la kuchomea vyungu vya maua.

— Vern, nikasema.

— Naam.

— Madonge tulikuachia yakauke siku tatu. Yalikauka wapi?

— Kivulini.

— Halafu?

— Yalikuwa yanabomoka, Glenys. Watoto hawakuyakandamiza sawasawa. Marlee aliokota moja likammegekea mkononi, akalia. Wewe ulikuwa ndani kwangu unachemsha chai. Mimi nilimwona.

— Halafu, Vern?

— Nikayapitisha tanurini. Kidogo.

— Kidogo ndiyo kiasi gani?

Akafikiri. Ni mtu mkweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

— Kutwa, akasema.

Hakimu akavua miwani. Kimya akafungua mdomo, nikamnyooshea kidole, akaufunga.

— Mbegu za kwetu zinataka moto, Tofali akasema. Kila mtu analijua hilo. Pori likiungua, mwaka unaofuata ni maua kila mahali.

— Moto wa pori unapita, Vern. Unapita juu unakwenda zake. Haukai kutwa nzima ukaivisha mbegu kama tofali.

— Miaka thelathini na moja sikutoa tofali bovu hata moja.

Nilikuwa na hasira. Matusi ninayo, nimeendesha basi la shule miaka kumi na minane, lakini hayakutoka. Nilimtazama yule mzee amejikunyata pale na nikaona kwamba angeyapokea yote, na yasingeotesha kitu.

— Dawa ya moto ni moto, akasema Kimya polepole.

— Nyamaza, Col, tukamwambia wote watatu.

— Uamuzi wangu ni huu, akasema Hakimu. Mtoto aambiwe ni sisimizi.

— Simdanganyi mjukuu wangu siku anayoondoka.

— Acha, Merv, akasema Tofali. Nitamwambia mimi. Kosa ni langu.

Kengele ikalia. Tukamwona Marlee anatoka getini, begi mgongoni, soksi moja imeshuka. Hakuja kwetu. Alivuka moja kwa moja hadi kando ya reli, akachuchumaa, akawa anayageuzageuza madonge moja moja kama anayechagua mayai, muda mrefu tu. Alipopata alilolitaka akalifuta kwenye sketi yake, akaja nalo.

— Hili ndilo langu, akasema. Nililitia herufi yangu kwa njiti. Tazama, Bibi, bado inasomeka.

Ilikuwa inasomeka kweli.

— Babu Vern, hata moja halijavunjika. Nimeyahesabu mpaka nikachoka. Ulisema hutaacha yavunjike tena. Asante.

Tofali aliondoa kofia kichwani, akaishika magotini.

— Naenda nalo Perth, Marlee akasema. Mama anasema pale tunapokwenda kuna kibaraza, kinapata jua asubuhi. Nitalimwagilia kila siku kabla ya shule. Babu, wewe ndiye unayejua mambo ya udongo. Litachukua muda gani kuota?

Hakimu akachungulia ndani ya kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Kimya hakusema neno, na hakuwa anameza chochote. Tofali alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akafungua mdomo. Marlee ana adabu zake, akasubiri.