CD za Kuchoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wa mbele nimewasikia. Wa kule mlangoni naona bado mnagombea benchi, nawasubiri. Haya, Bwana asifiwe tena. Amina. Sasa tunaweza kuanza, maana mchungaji amenipa muda mfupi na mimi kifua kimenijaa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Upendo, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilwa Masoko, mjane wa Mwalimu Boniface aliyefundisha kwaya ya kanisa hili mpaka Mungu alipomwita. Naishi na mama yake mzazi. Alikuja kutoka Newala kumlea mjukuu wake Upendo, na hata Upendo alipokwenda shule ya bweni, na hata mwanawe alipofariki, alibaki nami. Wengine wanasimama hapa kushuhudia kuponywa ugonjwa, wengine kuponea ajali. Mimi nashuhudia habari za kompyuta. Mkitaka kucheka chekeni mapema tumalizane.

Marehemu alinunua kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, miaka ile mitumba ya kompyuta ilipoanza kuingia na kila mwenye mshahara akawa anaota kuwa nayo. Kioo chake kina kisogo kikubwa, kinameza nusu ya meza. Akaifanya mwanakwaya. Kila wimbo aliotunga aliuimba mwenyewe kwenye maikrofoni ndogo, sauti zote nne, moja baada ya nyingine, ili kila kundi lijifunze yake. Hata sauti ya kwanza ya kina mama aliimba yeye, kwa kubana koo, nanyi kina mama mkamcheka hapa hapa ndani ya kanisa. Homa ilipomchukua, hatukuwa na kaseti yake wala video. Sauti yake yote ilibaki ndani ya kompyuta ile, na kwenye CD moja tu aliyoitengeneza mwenyewe na kuiandika kwa kalamu nyeusi. Nawaambia mapema, msije mkadhani nililia mashine. Mashine ni mabati tu. Nilikuwa nalilia sauti ya mume wangu.

Shemeji yangu Dismas, mdogo wake marehemu, anafundisha sekondari Lindi. Akaniambia, "Shemeji, hiyo kompyuta imezeeka. Nunua CD tupu, nitakuja nikuchomee kila kitu." Kuchoma, kwa watu wa kompyuta, ni kunakili vitu kutoka kwenye mashine na kuvitia kwenye CD. Nani aliwapa neno hilo sijui, na siku nikimpata nina mazungumzo naye marefu.

Nikanunua CD. Nikaziweka juu ya kompyuta pamoja na ile ya kalamu nyeusi, ili nayo aitolee nakala. Kabla Dismas hajafika nikaitwa kwenye mafunzo Mtwara. Nikamuaga mama mkwe vizuri kabisa. Nikamwambia, "Mama, Dismas atakuja Jumamosi. Zile CD zote juu ya kompyuta ni za kuchoma." Akasema, "Haya, mwanangu, nimesikia."

Nikiwa Mtwara nikapiga kwenye simu ya jirani, nikaomba nipewe Mama. Nikauliza, "Zile CD zimechomwa?" Akasema, "Zimechomwa." Nikauliza, "Zote?" Akasema, "Zote, hata moja haikubaki." Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye bweni la watu nikamshukuru Mungu. Sikuuliza nani kazichoma. Ungeuliza wewe?

Nikarudi, maisha yakaendelea. Juu ya kompyuta hapakuwa na CD, nikajua Dismas kaziweka kabatini, kwa kuwa ni mtu wa kupanga vitu. Mama akatandika vitambaa vyake vya kufuma juu ya kompyuta, kimoja kwa kioo na kimoja kwa boksi la chini, ikapendeza kama meza ya bwana harusi.

Sasa umeme wetu mnaujua. Unakatika, unarudi, unakatika. Siku moja ulirudi kwa hasira, ndani ya lile boksi pakalia pa, ikanuka waya. Nikaibeba kwa fundi mmoja wa hapa mjini, jina lake namhifadhia. Akabadilisha kifaa kinachopokea umeme, ikawaka, lakini ikaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi na kugoma hapo hapo. Fundi akasema, "Mama, hii inapigwa Windows upya."

Nikamuuliza, "Na vilivyomo?"

"Itakuwa safi kabisa. Kama imetoka dukani leo."

"Nauliza nyimbo."

"Nyimbo zitafutika, lakini mimi ninazo nyingi. Nitakuwekea taarab, Bongo Fleva, unachotaka."

Wala sikubishana naye. Nilicheka. Nikamwambia, "Piga tu, nyimbo zangu ninazo kwenye CD." Nikatoka pale natembea kwa raha zangu, naona huruma kwa watu wasiokuwa na akili ya kuweka akiba.

Nikafika nyumbani. Kabatini hakuna kitu. Nikamwendea Mama uani, anachambua mchele. "Mama, zile CD alizochoma Dismas aliziweka wapi?"

Akasema, "Dismas? Dismas hakufika. Mto ulijaa, njia ikafungwa. Nilizichoma mwenyewe, pale kwenye shimo la taka. Si ulisema ni za kuchoma?"

Nikasema, "Mama, zote?"

Akasema, "Zote. Ile yenye maandishi ilikuwa mkaidi, haishiki moto. Nikaitia mafuta ya taa."

Mafuta ya taa, ndugu zangu. Mafuta yangu mwenyewe, niliyonunua mimi, na bei yake mnaijua.

Sisi tulivyolelewa, mama mkwe hagombezwi. Unaweza kukasirika hadi masikio yakawaka, lakini maneno unayameza. Na ningemwambia nini? Kwamba ameimwagia mafuta ya taa sauti ya mwanawe wa kwanza? Ndipo nikakumbuka fundi yuko kule anapiga Windows. Nikatoka mbio. Nilipita sokoni bila viatu na kitenge nimekishika mkononi, na waliokuwa wanauza samaki wakauliza kuna msiba wapi. Nilikuwa nasali, lakini sala yangu haikuwa nzuri. Nilikuwa namwambia Mungu, Baba, huyu ulishamchukua mwili, na sauti nayo waitaka?

Nikafika dukani kwa fundi nimeishiwa pumzi. Amekaa nje kwenye ngazi anajipepea kwa gazeti. Nikauliza, "Umeshapiga?" Akasema, "Nilikuwa nimeshatia CD ya Windows, nataka kubonyeza tu, umeme ukakatika."

Umeme ukakatika! Umeme ule ule niliokuwa naulaani kila siku tangu nihamie mji huu. Nilikaa chini pale kwenye vumbi nikalia mpaka fundi akaniletea maji. Hajui nililia nini hadi leo. Nikambeba mgonjwa wangu, nikaondoka naye.

Basi ikawa safari ya Lindi, na barabara ile mnaijua. Boksi nimelipakata, nimelifunga kwenye shuka. Dismas akanipeleka kwa fundi anaitwa Bi Zuhura, mwenye chumba kidogo nyuma ya msikiti. Bi Zuhura aliifungua, akachomoa diski ya ndani, ile inayotunza kila kitu, akaishika kwa ncha za vidole. Akasema, "Kilichokufa hapa ni Windows, na hiyo ni ya kila mtu. Vitu vyako vinakaa humu, na humu sijui bado pakoje. Niachie. Kuna kifaa nakisubiri kutoka Dar, nikikipata nitaiunga kwenye mashine yangu na kusoma polepole. Na mtu yeyote asikushauri kupiga kitu upya."

Nikamwachia, nikarudi nyumbani kungoja. Na hapa ndipo palikuwa pagumu, ndugu zangu. Nilikaa nyumba moja na mama mkwe wangu na sikuweza kumwambia. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, basi, maneno yamekwisha. Napika, natenga, naondoka. Akiniuliza jambo najibu kwa neno moja. Nikiona moshi kwa jirani naona mafuta ya taa. Wenzangu shuleni wakanifariji kwa yale maneno yao, eti usijali, yamepita, utarekodi nyingine. Nitarekodi nini? Nikamfufue kwanza? Mama akaniuliza mara moja, "Mwanangu, mbona umenuna?" Nikasema sijanuna, nimechoka. Hakuuliza tena.

Mwishowe Dismas akapiga simu niende. Nikamkuta Bi Zuhura na CD zimepangwa mafungu mawili. Akasema, "Baadhi ya nyimbo zilikataa, hizo zimekwenda. Nyingine ziko nzima. Nimekuchomea mara mbili." Nikamwambia, "Bi Zuhura, Mungu akubariki, lakini neno hilo usilitaje mbele yangu." Zilizokwenda ni nyimbo za Pasaka karibu zote, nanyi kwaya mlijionea wenyewe mwaka huu mlivyobabaika. Lakini zilizobaki ni nyingi kuliko nilivyothubutu kuomba. Fungu moja nikamwachia Dismas Lindi, likae nyumba nyingine kabisa, mbali na kompyuta, mbali na shimo langu la taka.

Nilirudi nyumbani mchana. Mama alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi, na redio yake inasema peke yake pembeni. Sikumsemesha. Nilitia CD kwenye redio kubwa ya sebuleni, nikafungua dirisha la uani. Kwanza ikaja kimya, kisha mtu anakohoa. Kisha Boniface akasema, kwa sauti ile ya kila siku, wala si ya kuimba, "Mama, punguza hiyo redio kidogo, narekodi."

Sikujua kama maneno hayo yamo. Mama akajibu, "Haya, baba, napunguza." Akanyoosha mkono akapunguza redio yake. Akaendelea kukuna nazi. Wimbo ukaanza, ubeti mzima ukapita, ndipo mkono wake ukasimama.

Nikatoka nikakaa chini karibu naye. Tulisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akaniuliza, "Na zile nilizochoma, alikuwemo?"

Nikasema, "Kwenye ile yenye maandishi, Mama, alikuwemo."

Kisha akasema, "Kumbe ndicho ulichonunia."

"Ndicho, Mama."

"Ungenigombeza basi, mwanangu. Mimi nilisema huyu amenichoka. Mwanangu hayupo, mjukuu yuko shuleni, mimi hapa nangoja nini? Nikasema ananyamaza ili niondoke mwenyewe, asionekane amenifukuza." Akaniambia nikatazame chini ya kitanda chake. Nikaenda. Nguo zake zote zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, na Biblia yake, na ile sufuria aliyokuja nayo. Alikuwa anangoja barabara ya Newala ikauke tu.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nahangaika barabarani na boksi mapajani nikiokoa sauti ya mtoto, na huku mama yake anafunga mzigo nyumbani kwangu. Tulifungua ule mzigo pamoja, nikalia kuliko nilivyolia kwenye vumbi kwa fundi. Yeye hakulia. Alisema tu nikamalizie kukuna nazi, yeye anataka kusikia wimbo wa pili.

Ninamshukuru Mungu. Siku nilipokuwa sina la kufanya aliishika sauti ya mume wangu kwa umeme kukatika, na niliponyamaza kwa hasira aliishika barabara isikauke. Nawaombeni mumtumaini, hata pale anapowatendea kwa njia ya kuudhi. Lakini nanyi fanyeni sehemu yenu. Windows ipo madukani, itapigwa upya hata mara mia. Picha zenu na sauti za watu wenu haziuzwi popote. Zitoleeni nakala mkifika nyumbani leo, nakala iende nyumba nyingine, na mkimtuma mzee wenu, mwambieni kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na yule anayenuna nyumbani kwake, aseme kinachomnunisha kabla ya jioni, maana hajui mwenzake anafunga nini chini ya kitanda.

Nimemaliza, mchungaji. Mama, naomba usimame wakuone. Simama tu, hawakucheki. Huyu ndiye mama yangu, ndugu zangu, na Newala haendi.