Mimba Haikumkataa Mume Wangu

Mama zangu na baba zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nimesimama kwa ajili ya yule binti aliyekaa karibu na mlango, mwenye ndimu mkononi. Usijifiche, mdogo wangu. Mimi ndimu nilizila mpaka meno yakafa ganzi.

Wakati ule maduka ya Chang'ombe yalikuwa yameanza kujaa vitu tena baada ya ile miaka ya uhaba. Mume wangu, aliyeoga miaka yote kwa sabuni ya mche, akanunua sabuni ya nje yenye kunukia maua. Akawa anaoga asubuhi na jioni, na maji yenyewe mnajua tunavyoyahangaikia. Mimi nina mimba changa; akiingia tu ndani, natoka mbio kutapika. Ndugu zangu, nawaambia, mtaa mzima ulishatoa hukumu: mimba imemkataa mume. Mama mkwe akasema nirudi kwetu Kongwa mpaka hali ipite, na kliniki nisiende kwanza, maana mimba changa haitangazwi. Mume wangu akahamia kulala sebuleni, mnyonge, lakini ananukia.

Nikatapika uji, nikatapika maji, mwisho ikabaki nyongo. Mkojo ukawa kidogo, rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa. Siku ya safari nilianguka mlangoni, begi mkononi. Niliogopa sana, nilijua tunakufa wawili. Mama mkwe akaniinua, akasema, "Kongwa tuache. Twende hospitali."

Nikalazwa, nikatundikiwa dripu, nikachomwa sindano ya kuzuia kutapika. Muuguzi akanifundisha kula kidogo kidogo, kitu kikavu kabla sijainuka kitandani, na kukwepa harufu zinazonichafua roho. Akaniambia, "Kichefuchefu cha mimba ni kawaida. Maji yasipokaa tumboni, huo ni ugonjwa, na una dawa."

Nilipopata nafuu, mume wangu akaja moja kwa moja kutoka shambani, jasho na vumbi. Akasimama mbali. Nikamwita, akakaa kitandani kwangu, na sikutapika. Mama mkwe akamnusa mwanawe, akacheka mpaka wodi nzima ikageuka. Kumbe kilichokataliwa ni sabuni.

Nawashukuru wauguzi wale, na mama mkwe wangu aliyegeuza safari. Mdogo wangu, maji yakikataa kukaa, usingoje tumbo lionekane. Tukitoka hapa nitakusindikiza mwenyewe.

Mtoto ndiye huyu anayewavuta khanga. Baba yake yuko kule nyuma, na hadi leo anaoga kwa mche, anaogopa. Baba, nakuruhusu mbele ya mashahidi: kanunue ile ya maua.