Mstari wa Mwenzake: Maisha ya Mzee Filimbi

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Filimbi hata mbele ya wanawe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akifuatiwa na mdogo wake, Kocha, ambaye yupo nasi hapa. Alisomea ufundi umeme, akaajiriwa mwaka 1979 katika kiwanda cha magodoro, akadumu huko hadi kustaafu. Mwaka 1984 alifunga ndoa na muuguzi wa meno, wakajaliwa mabinti wawili.

Jioni alikuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu, kazi ya watu wawili, mmoja akikaa chini ya kikapu kuangalia wanaosukumana, mwenzake akibaki nyuma kuangalia warushaji, kila mmoja na mstari wake wa pembeni, wala hakuna anayeruhusiwa kufuta uamuzi wa mwenzake.

Katika fainali ya Novemba 1998, timu ya Kocha ikiongoza kwa pointi moja, mpira ulitoka nje upande wa mwamuzi mwenza wa marehemu, binti aliyechezesha fainali kwa mara ya kwanza, naye akawapa wapinzani. Marehemu alimwendea, wakanong'onezana, kisha naye akanyoosha mkono kule kule. Kocha alipiga kelele, "Kaka, wewe ndiye mkubwa, badilisha!" akajibiwa, "Mstari ule ni wake." Wapinzani walifunga, mchezo ukaisha, na ndugu hawa hawakusalimiana kwa miaka mingi, hata kwenye harusi ya binti mkubwa wa marehemu walikaa meza tofauti.

Mwaka 2019 figo za marehemu zilianza kushindwa, na Kocha, bila kuitwa na mtu, akawa anampeleka hospitali kusafishwa damu, njiani wakisikiliza redio tu. Siku moja, wakiwa wodini, Kocha alisema, "Lakini mpira ule ulikuwa wetu."

"Ulikuwa wenu," marehemu akajibu. "Nilikiona kidole cha mpinzani kikiugusa mwisho. Nilimwambia yule binti, akasema ameona vingine, basi."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemla nyama."

Kocha alitoka nje, akakaa sana kwenye benchi la korido, kisha akarudi, akamfunika miguu.

Marehemu alifariki tarehe 2 Juni 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, wenzake wa kiwandani, na waamuzi wote, akiwemo binti yule, aliyebeba jeneza bega kwa bega na Kocha.

Filimbi wetu, pumzika sasa, kwa amani.