Ruphin Lifoli, Fundi wa Vioo, na Gari la Manjano

Wapendwa wa familia, majirani, mafundi waliofanya kazi na marehemu, na ninyi nyote mliovuka mto kuja kwenye matanga haya, mimi ni Orpha, mke wa marehemu, ambaye wengi mnaniita Mama Benie. Kwa kawaida historia ya marehemu husomwa na mtu wa ukoo wake, lakini familia iliniomba niiandike, kwa kuwa naandika bila kukosea sana, kisha jana Mama Marthe, mama yake mzazi, akasema aliyeandika ndiye asome. Sijazoea kusimama mbele ya watu, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika, sitainua macho, mnisamehe. Wengi wenu mnajua kwamba marehemu ameondoka akiwa na jina baya katika kazi yake, kwa sababu ya kioo cha gari kilichoanguka siku ya harusi, na nimeandika ili ukweli wa kioo hicho usemwe leo, kabla hajawekwa ardhini.

Marehemu Ruphin Lifoli Bosenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 huko Yanonge, mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Papa Jérémie Bosenge, mvuvi, aliyetangulia mwaka wa 2011, na Mama Marthe, ambaye mnamwona ameketi hapa. Alisoma shule ya msingi palepale Yanonge tangu mwaka wa 1993 hadi 1999, akapata cheti chake, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo akaletwa Kisangani kwa baba yake mkubwa, Papa Hubert, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa malori, naye akampokea, akamlisha, akamwandikisha sekondari, na marehemu alikuwa akisema siku zote kwamba yeye ana baba wawili. Masomo yalikatika mwezi wa Juni 2000, wakati wa vita vya siku sita hapa Kisangani, akarudi darasani mwaka uliofuata, lakini mwaka wa 2005 aliacha kabisa, kwa sababu wadogo zake nao walikuwa wanangoja kusomeshwa.

Mwaka huo wa 2005 alianza kazi kwa Papa Mohamadi, mkata vioo aliyetoka Kasongo, wakati ambapo nyumba nyingi za mji zilikuwa bado na makaratasi madirishani tangu vita. Papa Mohamadi alimfundisha kukata kioo kwa mkwaruzo mmoja bila kurudia, na kumwambia mteja ukweli kabla ya kugusa kazi yake. Tangu mwaka wa 2008 marehemu alijitia zaidi katika vioo vya mbele vya magari, vile tunavyoviita pare-brise, na tarehe 1 Oktoba 2012 alifungua mahali pake mwenyewe, chini ya mabati, katika komini ya Makiso. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliicheka, yaani kila alipomaliza kubandika kioo aliandika juu yake kwa sabuni siku na saa ambayo gari litaruhusiwa kutoka, na kabla ya saa hiyo halikutoka hata kama mwenyewe alipiga kelele. Dereva mmoja wa jeep alimuuliza kwa hasira, "Ruphin, sasa mi nilale hapa na gari?", naye akamjibu, "Lala tu, Mama Benie atakuletea pondu", na kweli nilimpelekea pondu, akala, akalala ndani ya jeep yake.

Mimi na marehemu tulikutana mwaka wa 2016, nilipovuka kutoka Lubunga nikiwa na picha ya wazazi wangu ambayo kioo chake kilipasuka. Alikibadilisha mbele yangu, kisha akaniambia nirudi kesho ili gundi ikauke, na nilirudi, na ni siku hiyo ya pili ndipo nilipojua kwamba kioo cha picha hakibandikwi kwa gundi. Tulifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2017, na Mungu alitupa watoto watatu, Benie aliyezaliwa tarehe 3 Julai 2018, Glodi tarehe 21 Novemba 2020, na Marthe mdogo, huyu aliye mgongoni kwa dada yangu, tarehe 8 Januari 2025.

Baada ya ndoa nilimsaidia kazini, kwa sababu kioo cha zamani hutolewa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya gundi, mtu mmoja akivuta akiwa nje na mwingine akivuta akiwa ndani ya gari, kama msumeno, na wote wawili lazima wavute kwa nguvu sawa. Mimi nilikuwa mtu wa ndani. Ndiyo sababu najua nitakayoyasema sasa, si kwa kusimuliwa.

Mwaka wa 2023, mwezi wa Julai, Papa Sefu, mfanyabiashara ambaye wengi mnamfahamu, na ambaye namshukuru kwa kuwa yuko hapa, aliletewa kwa baji, ile meli bapa ya mizigo ya mtoni, kutoka Kinshasa gari la mbio lililotengenezwa Italia, la manjano, la viti viwili, fupi hata mtu mzima hulitazama kwa juu, lenye milango inayofunguka kwenda angani. Wiki ya pili jiwe lilirushwa na lori mbele yake, kioo kikapasuka toka kona hadi kona. Mafundi wawili walikataa kukigusa. Marehemu alikubali, lakini alimwambia kwamba kioo hicho kimelala sana na mwili wa gari ni mgumu, kwa hiyo gundi itahitaji siku nzima, saa ishirini na nne kamili, na Papa Sefu akaagiza kioo kingine Dubai, kikachukua miezi minne.

Kioo kilifika kwa ndege Ijumaa jioni, tarehe 8 Desemba, kimefungwa katika blanketi, na Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yake, Fatouma. Papa Sefu alikuja mwenyewe, na marehemu akamwambia kwamba atakibandika Jumamosi asubuhi, lakini gari litatoka Jumapili tu, kwa sherehe ya pili, naye akacheka, akasema, "Ruphin, weye njo fundi, mi niko tajiri tu, ukisema Jumapili ni Jumapili, bibi-arusi atapanda jeep."

Tulianza Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nilifunika dashibodi kwa liputa langu, kitenge nilichokuja nacho, nikakaa ndani magoti yamegusa kidevu, tukavuta waya polepole kwa saa mbili, na rangi ya gari haikukwaruzwa hata mahali pamoja. Marehemu alisafisha ukingo mara tatu, akaweka gundi mstari mmoja bila kukata, tukanyanyua kioo pamoja, kikakaa mara ya kwanza. Saa nne alikifunga kwa mikanda ya gundi, akaacha madirisha wazi kidogo ili hewa isikisukume, akaandika kwa sabuni, "Jumapili saa nne". Akaniachia funguo, akaenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kumtazama Mama Marthe aliyekuwa amelala huko na homa.

Saa nane mchana alikuja Papa Hubert. Alikuwa amechaguliwa kumpeleka bibi-arusi ukumbini, Fatouma alilia kwamba anataka lile la manjano, na Papa Hubert akawaambia watu kwamba atalileta, kwa kuwa fundi ni mtoto wake. Akaniambia, "Mama Benie, lete funguo, batu banatungojea." Yeye kwangu ni bokilo, baba mkwe, na katika nyumba niliyoolewa mwanamke hamwambii bokilo wake hapana, wala hamtazami usoni. Akaona maandishi, akasema, "Hii sabuni inachafua gari ya harusi", akatoa kitambaa mfukoni, akayafuta, akaondoa na mikanda. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilijua saa. Nilijua gundi bado ni laini kama ugali ulioiva sasa hivi. Nilipiga magoti, nikampa funguo kwa mikono miwili, sikusema neno.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu watu walipiga video. Walifunga madirisha ili vumbi lisichafue nguo ya bibi-arusi, rafiki zake wakashusha milango kwa nguvu wakipiga vigelegele, hewa ya ndani ikakisukuma kioo, na gari lilipoingia kwenye shimo la kwanza la barabara kioo kikatoka chote, kikateleza juu ya boneti, kikavunjika chini. Hakuna aliyeumia, lakini nguo nyeupe ya Fatouma iliingia gundi nyeusi kifuani, ambayo haitoki.

Jioni ile, mbele ya Papa Sefu na watu wengi, Papa Hubert alimuuliza marehemu, "Mutoto wangu, bibi yako alinipa funguo, hakusema kitu, gari ilikuwa haijakauka?" Marehemu alinitazama mara moja tu. Kisha akasema, "Ni mimi nilimwambia atoe, papa. Nilihesabu mubaya." Tulirudi nyumbani, akaketi, nikangoja aseme, akasema, "Mama Benie, leta chakula, batoto bana njaa." Hakusema zaidi siku ile, wala siku nyingine.

Tangu hapo waendesha pikipiki walimpa jina la Ruphin Inaanguka, na alipopita walisema, "Chunga, usikohoe karibu na pare-brise yake!" Mwezi wa Januari 2024 mafundi walimwondoa katika kamati yao. Magari ya mashirika hayakuja tena. Aliendelea kufungua kila asubuhi, alifagia, aliketi, na wale wachache waliokuja aliwaandikia saa kwa sabuni kama zamani.

Mwezi wa Februari 2025 alianza kuumwa tumbo upande wa kulia na macho yakawa ya manjano, tukaenda kituo cha afya tarehe 18 Februari, wakaona kwamba ini limeharibika, akalazwa hospitalini mara tatu, mwezi wa Aprili, Juni na Agosti. Mwishoni mwa Agosti tumbo lilijaa maji. Siku moja, walipokwisha kuyatoa na alikuwa anapumua vizuri, nilimwambia kwamba nataka kwenda kwa Papa Sefu na kwa Papa Hubert niwaambie. Akasema, "Acha, Mama Benie. Mi naenda, weye utabakia nabo." Aliaga dunia Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa tisa mchana, akiwa na miaka thelathini na minane. Niliosha kikombe alichonywea, kisha nikaenda kuita watu.

Sasa nimewaambia. Marehemu hakuhesabu vibaya, na hakuniambia nitoe funguo, alikuwa ng'ambo ya mto wakati huo, Mama Marthe ni shahidi. Papa Hubert, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa, hukunilazimisha na hukujua, ungejua usingelichukua gari, na mimi niliyejua nilinyamaza kwa heshima niliyofundishwa, na heshima hiyo imemharibia jina mtoto uliyemlea. Papa Sefu, na wewe Fatouma, nawaomba msamaha. Kama familia itaona kwamba sistahili kubaki katika nyumba hii, nitapokea, naomba tu watoto wasitenganishwe. Na ninyi mafundi, lile jina mlilompa, kama lazima mtu abaki nalo, basi niitwe mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza hadi mwisho, na hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemgeuza kitandani kila mara bila kuitwa. Tunawashukuru majirani wa avenyu yetu waliowachukua watoto tulipokuwa hospitalini, Mama Viviane aliyepika kila siku ya matanga, kwaya ya parokia, ndugu waliokuja kwa mitumbwi kutoka Yanonge na Isangi, Papa Mohamadi ambaye amekuja akishikwa mkono kwa sababu macho yake hayaoni tena, na mafundi wenzake waliochimba kaburi asubuhi hii. Wote ambao sikuwataja, si kwa kuwasahau, karatasi imeisha.

Papa Benie, kioo ulikiweka vizuri, pumzika sasa kwa amani.