Ng'ombe wa Okal

Sogeeni, wanangu, sauti yangu imeanza kunitoroka. Sylvester, kaa hapa mkono wa kuume, na wewe Robi nishikie mgongo nisilale kabla sijamaliza.

Siku bwana mifugo alipokuja hapa Kisaka kuwavalisha ng'ombe hereni za utambulisho masikioni, alitusomea kwamba kwa sheria mwenye mifugo ni pamoja na yule anayeitunza, nami nilimwona Sylvester akiligeukia zizi kama mtu aliyelirithi siku hiyohiyo. Leo nasema.

Wale ng'ombe si wetu. Ni wa rafiki yangu Okal wa Nyambureti, ambaye wezi walipoanza kumaliza mazizi ya kwao alinipa mitamba nimtunzie, kwa desturi ya wazee ya kutawanya ng'ombe kwa marafiki ili balaa moja isiwamalize wote. Akanitania, "Wewe Mkurya, ukinilia ng'ombe nitahesabu ni mahari na nimekuoa, uje unipikie." Tulicheka. Wangu walipokufa kwa ugonjwa wa ndigana, maziwa ya hao wake ndiyo yaliyowakuza ninyi. Okal ametangulia, na mjane wake Dorka hajatuma mtu kuuliza. Kutouliza kwake ndiko kunakonikosesha usingizi.

Sylvester, sheria haikukosea. Inamtafuta wa kujibu ng'ombe akikosa chanjo, akila shamba la mtu, akivuka mpaka wa hifadhi, na hayo nimejibu mimi. Lakini haikuwepo tuliposhikana mikono na Okal. Najua unataka kuoa, na zizi likifunguliwa halitabaki hata ndama wa kutolea mahari. Linaniuma, baba. Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mnajua mzee wa boma akifa huchinjiwa fahali, akazikwa na ngozi ya fahali huyo. Fahali aliyepo ni mmoja, naye ni wa Okal. Wazee watanung'unika, waacheni. Msimguse. Nizikeni na blanketi hili ninalojifunika, kisha wapelekeni ng'ombe wote kwa Dorka, na bwana mifugo abadilishe jina la mwenye mifugo.

Mungu awape wa kwenu, wanangu, mlale bila kusikiliza hatua za mwenye mali. Robi... nilaze sasa.

Huyo ndama analia. Mfungulieni... aende kwa mama yake.