Mama Maganda na Mkaa Uliojaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kituo chetu cha kusafisha majitaka, Mama Maganda anastaafu Ijumaa hii. Alianza kwa kuosha chupa, akasomea ufundi akiwa kazini, na wengi wetu tumejifunza kupima maji tukichungulia nyuma ya bega lake.

Jina hilo tulimpa sisi. Kila Jumatatu alipokea maganda ya ndizi, machungwa na viazi kutoka majikoni kwetu, akayaanika juu ya paa la nyumba yake, akayachoma yawe mkaa, kisha akaushindilia ndani ya bomba la kioo. Majitaka ya hospitali yalipopita humo, mabaki ya dawa yalinasa kwenye mkaa. Mlinzi alikuwa akimkabidhi mfuko na kumwambia, "Mama, ndizi zote hizi nimekula kwa ajili yako, tumbo likiniuma utanijibu." Mumewe naye alilalamika kwamba nzi wamehamia kwake rasmi.

Siku wageni walipokuja kituoni kuliona bomba likifanya kazi, hakubadilisha mkaa. Ulikuwa umetumika muda mrefu, lakini ulitokana na maganda ya kila mmoja wetu, na alitaka wauone huo huo. Mkaa ukishajaa dawa haushiki nyingine tena. Maji yalitoka na dawa kama yalivyoingia. Mama aliyasoma majibu ya vipimo mwenyewe, kwa sauti, bila kuruka tarakimu hata moja. Kisha akavua koti lake jeupe, akalikunja, akashindwa kututazama.

Tangu hapo chai anainywa peke yake stoo. Alimwomba mkuu wa kituo asimfanyie sherehe. "Nitapigiwaje makofi na watu niliowaaibisha?" alisema.

Lakini aibu ni yetu. Siku ile hakuna aliyemsogelea. Tuligeuka, tukajifanya tunapanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Juzi mlinzi alimfuata stoo, akapiga hodi, akamweleza kwamba tunataka kumwomba radhi. Amekubali kuja Ijumaa, kwa sharti kwamba hotuba isiwepo. Ndiyo maana nimeambiwa niandike.

Mama, tusamehe kwa kukuacha umesimama peke yako. Asante kwa kutufundisha kuyasoma majibu jinsi yalivyo, hata yanapouma. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba isiyo na nzi. Ijumaa, kiti kilicho kando yako hakitakuwa kitupu.