Daktari Aliyempasua Mama Mkwe Wake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni kiti. Leo tunamkumbuka Daktari Joram Ogola, mpasuaji mstaafu, mume wa Mama Dorca, baba wa watoto wanne. Alifariki Jumanne nyumbani kwake Nyamasaria, akiwa na miaka sitini na mitatu. Nasema tena kwa waliofungua redio sasa hivi: Daktari Joram Ogola hatunaye.

Baba yake alikata miwa upande wa Muhoroni, na mwana angekata miwa vilevile kama asingekuwa mbishi. Mtihani wa upasuaji ulimwangusha mara mbili. Mama Dorca anakumbuka ile siku ya mara ya pili. "Alifika, akavua viatu, akaomba chai, akafungua kitabu ile ile. Huyu mzee wangu alikuwa mtu ngumu." Mara ya tatu akapita.

Nyumbani, kila Jumapili jioni, yeye ndiye aliyepiga pasi sare za watoto, kola kwanza. Majirani walimcheka. Aliwaambia mtu anayeshika kisu hawezi kushindwa na pasi, akaendelea.

Lakini wasikilizaji wapendwa, kisa ambacho familia imetuomba tukisimulie ni cha Agosti mwaka 1984. Siku hiyo Dorca alikuwa katikati ya watu wawili aliowapenda kuliko wote.

Ilikuwa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Pikapu ilimleta hospitalini mama yake Dorca, Mama Perez, kutoka Sondu. Tumbo lilikuwa limevimba likawa gumu kama ngoma. Siku mbili hakuwa amepata choo, wala kutoa hewa. Utumbo ulikuwa umejisokota, na utumbo uliojisokota hausubiri. Usipofunguliwa siku ile, mgonjwa anakwenda.

Mpasuaji mwenzake Ogola alikuwa safarini. Ogola akapiga simu hospitali tatu, hakupata mtu. Aliyebaki na kisu mkononi ni yeye mwenyewe, na yeye ni mkwe.

Nyinyi wa huku kwetu mnajua uzito wake. Mkwe na mama mkwe hupishana njiani kwa heshima, kila mmoja macho chini. Mkwe hamwoni mama mkwe bila nguo. Seuze kumfungua tumbo!

Mama Perez akasema hapana. "Afadhali nife na heshima yangu."

Ogola hakuthubutu kuingia. Alisimama nje ya pazia la wadi, hatua tatu kutoka kitandani, na Dorca akawa tarishi. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipitia kwake.

"Mwambie mama, akishafunikwa, mimi simwoni yeye. Naona mahali pa kazi tu, upana wa viganja viwili."

"Mwambie huyo mtu, viganja viwili ni vingi."

Dorca aliwabebea maneno hayo mpaka uvumilivu ukamwishia. Anatuambia: "Nikapiga kelele. Nikasema, Mama, wewe unataka nizike wewe leo, na mwenye anaweza kuponya wewe amesimama hapo nje? Hiyo heshima nitakula?" Akalia mbele ya wagonjwa wote. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kusema hivyo.

Kisha Mama Perez akatoa masharti. Sista Nasipwondi, muuguzi wa wadi, amfunike kuanzia utosi hadi kidole cha mguu kabla mkwe hajaingia. Mkwe atoke kabla mgonjwa hajafunuliwa. Jina la mgonjwa lisitajwe. "Na asinisalimie huko ndani."

"Mwambie mama nimekubali yote," akasema Ogola, naye tayari anakunja mikono ya shati.

Alisubiri kwenye korido ameugeukia ukuta mpaka Sista Nasipwondi akamwita. Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Sista huyo, ambaye sasa amestaafu, anasema daktari hakutamka neno lisilo la kazi. "Jasho ilikuwa inamtiririka. Nikampangusa mara ngapi sijui." Alishona, akaweka vyombo chini, akatoka bila kugeuka nyuma.

Basi ikabaki shida nyingine. Baada ya upasuaji wa utumbo, daktari lazima aulize kama mgonjwa ametoa hewa. Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Sasa mkwe atamuuliza vipi mama mkwe swali hilo? Kila asubuhi Ogola alisimama nyuma ya pazia, akakohoa badala ya kuuliza. Siku ya tatu Sista Nasipwondi akatangaza wadi nzima ikasikia: "Daktari, mgonjwa ametoa hewa!" Mama Perez akajifunika blanketi kichwani. Na mpasuaji mkuu wetu alionekana akikata kona ya korido mbio mbio.

Hayakuwa ya kucheka tu. Kule Sondu baadhi ya wazee walisema ameita chira, ile laana ya mvunja mwiko. Walimtaka aombe radhi. Ogola aliwajibu kwa adabu: "Kama kuna chira, initafute mimi. Lakini mama apone." Hakuomba radhi. Mwaka 1989 alistaafu, na kila Alhamisi akaendelea kupasua wagonjwa kwenye hospitali ndogo ya kanisa. Na mama mkwe wake? Walirudi kupishana njiani macho chini, miaka kumi na mitatu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa Mama Dorca, pole sana. Kwa watoto, Elsie na ndugu zake watatu, kwa ukoo mzima, poleni. Mungu awape nguvu. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Likija jambo ambalo wewe peke yako unaweza kulifanya, na watu wanakuambia halifai, utasimama au utarudi nyuma?

Ogola anazikwa Jumamosi. Mama Perez hatakuwepo. Ana miaka sabini na saba, mzima wa afya, lakini mila haimruhusu kumtazama mkwe wake amelala. Jana alimtuma mjukuu hapa studio na maneno ya Kijaluo. Nayasoma kwa Kiswahili, kama alivyoomba.

"Sikuwahi kumshukuru. Singeweza. Mama mkwe hamwambii mkwe wake asante kwa tumbo. Lakini redio inaingia mahali mimi siingii. Wekeni redio karibu naye, mumfungulie sauti. Joram, mwanangu, asante. Nilikula jana, nimekula leo."